Pine ya nyuma inaisha kila myezi tatu, ninunue gani? (Goma)

motari_wa_ndosho

Bonjuru ba yaya. Mi ni motari hapa Goma, napigaka Ndosho, Katindo, Birere, mara moja moja Sake kama kliya anatoa makuta ya kueleweka. Moto (pikipiki) ni TVS HLX 125 ya mukubwa fulani, alinunuaka okazio, namupelekeaka vesema (makuta yake) kila siku isipokuwa siku ya Mungu.

Shida ni pine ya nyuma. Tangu mwaka hii ianze nimesha fika ku pine ya tatu, TATU, na ya mbele iko ile ile niliikuta nayo, meno yake ingali mirefu. Ya kwanza ilikuwa lisi (bila meno) katikati lakini pembeni bado mupya, na ilikuwa na vidonda kama mutu alipitisha wembe. Batu wakaniambia unagonfle (unajaza hewa) sana, basi ya pili nikawa napunguza hewa, ikaanza kupasuka pasuka ku ubavu na shambre (mupira wa ndani) ikakatika ku shingo ya valvu, siku ile nilikuwa na mama moja na mifuko yake ya unga, tukatembea na miguu toka Mugunga. Hii ya tatu iko na wiki tano tu na imesha kreva (kutoboka) mara ine, na kila mara kwado (fundi wa pine) anatafuta musumari hapati kitu.

Sasa kuna mwenye ananiambia niweke krampo, pine za meno makubwa kama za moto za cross, mwengine anasema niweke 3.50 juu ni nene italika pole pole. Mukubwa mwenye moto anasema pine ni juu yangu juu natembeza vibaya. Munisaidie, pine gani iko nguvu kwa mawe yetu hii?

kofia_ya_bluu

Ndosho na mawe yake 😂 ata pine ya trakta italia. Weka ya chuma.

kwado_wa_birere

Mudogo yangu, karibu. Mi nimeanza kazi ya kugonfle na pompi ya miguu mbele volkano ya 2002 haijashuka mu mji, kwa hiyo hayo maneno yako nayajua. Unauliza pine gani nguvu. Mimi nakuambia ile pine zako tatu hazikufa ugonjwa moja, kila moja ilikufa ya kwake, na ukinunua ya ine ya bei ya juu bila kuelewa itakufa tu nayo.

Ya kwanza iliuawa na hewa mingi. Pine ikiwa ngumu kama jiwe inakanyaga chini na katikati tu, pembeni haigusi, njo maana ukaona katikati lisi na pembeni mupya. Na ile vidonda ya wembe inatoka hapo hapo. Mawe yetu si kokoto ya mutoni yenye ilikwisha kuwa mviringo, lava iko na matundu matundu na makali kama chupa yenye imevunjika. Pine yenye iko na hewa ya kadiri inapita juu ya jiwe inabonyea kidogo, inalimeza, inaenda. Yenye imejaa sana haibonyei, basi jiwe njo linaingia mu pine. Ukienda barabara ya Kibumba kule lava ya 2021 ilikata lami utaona, mwenye amegonfle sana anarudi na pine kama nyama ya kukatwa katwa.

Ya pili iliuawa na hewa kidogo. Hapa watu wengi hawaelewi kwa hiyo nifasirie muzuri. Pine ikikosa hewa, kila mara inapozunguka ubavu unakunjika unanyooka, unakunjika unanyooka, na wewe uko na kliya wawili nyuma. Ubavu unapata joto ndani, ule uzi wa ndani unachoka, ubavu unapasuka. Na kitu kingine, pine haishikwi tena muzuri na janti (rimu), ukikanyaga gazi ama freni inateleza juu ya janti kidogo kidogo, leo milimita mbili, kesho tatu. Inapozunguka hivi inavuta na shambre, lakini valvu imekwama mu tundu lake haiwezi kwenda, inalala upande, inalala, mwisho shingo inakatika. Rustini (kiraka) haiwezi ku shingo, mutu akikuambia ataichoma hapo anakula makuta yako. Kila asubuhi angalia valvu tu: ikisimama wima, sawa, ikianza kuinama kama mutu mwenye amelewa, hewa ni kidogo. Na ile ekru (nati) ya valvu usiikaze mpaka ku janti, watu wanaikaza na ufunguo kabisa! Iache huru, ndiyo utaona ikiinama mapema.

Ya tatu, hiyo sizani ni pine. Kreva ine wiki tano bila musumari? Kabla ya kunijibu fanya hivi: mara ijayo kwado akitoa shambre, usiende kunywa chai, kaa hapo. Kabla hajaitoa yote mwambie atie alama ya kalamu penye valvu na upande wa sheni, halafu mukipata tobo muangalie liko wapi. Tobo la upande wa inje, penye inagusa pine, kuna kitu kimebaki mu pine, pitisha mukono pole pole ndani, ama kitambaa ukiogopa, kitakamata. Tobo la upande wa ndani, penye inaangalia janti, hiyo ni spoku ama kutu. Matobo mawili sambamba kama nyoka amekuuma, hiyo ni wewe, uliingia mu shimo na hewa kidogo, janti ikabana shambre. Na kama tobo liko juu ya mukunjo, mustari mustari, basi waliweka shambre nzee mu pine mupya, shambre ikivutika haitarudi tena kuwa ndogo, inajikunja ndani na inajikata yenyewe.

mama_piesi_virunga

Kwado amesema kweli yote, mimi niongeze upande wa kununua juu njo kazi yangu, nauzaka piesi (vipuri) hapa soko Virunga.

Kijana, mteja akifika kwangu kitu cha kwanza anauliza ni «iko original?», cha pili anauliza bei, na anaenda. Hakuna mwenye anasoma ile maandishi ku ubavu, na mambo yote iko pale. Moto yako nyuma inabeba 3.00-17, mbele 2.75-17. Ile 3.00 ni unene kwa inchi, 17 ni janti. Utakuta zingine zimeandikwa 90/90-17, hiyo ni hesabu ya milimita, inakaribia 3.00 yako, usiogope. Lakini 3.50 hapana. Janti yako ni nyembamba, pine nene ikibanwa mu janti nyembamba inasimama kama yai, inakanyaga na katikati tu, na unaweza kuta inakwaruza kifuniko ya sheni. Umelipa zaidi ili ilike haraka zaidi!

Nyuma ya kipimo kuna namba na herufi, kama 50P. Hapo njo muangalie sana ninyi bamotari. 50 maana yake pine moja inabeba kilo 190, 47 ni kilo 175, 41 ni kilo 145. P ni mbio, kilometa 150 kwa saa, hiyo hautafika ata ukishuka Kibumba bila freni. Sasa piga hesabu: moto peke yake inapita kilo 110, wewe 70, kliya wawili tuseme 140, umepita 320, na sehemu kubwa, karibu tatu ya nne ukiweka na mizigo, inakaa nyuma. Pine ya 50P imesha pita mupaka, ya 41 usiseme. Mimi najua mutabeba wawili tu, siku zote nawaona, lakini basi ata usiniletee ile ya 41 juu ni dola mbili chini. Omba yenye imeandikwa 6PR, ubavu wake iko nguvu kuliko 4PR.

Halafu tarehe. Tafuta namba ine peke yake mu kaduara ka yai, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 0818 ni wiki ya nane ya 2018. Mupira unazeeka ata kama haujatembea, unakuwa mugumu, unashika kidogo wakati mvua inanyesha. Pine mupya yenye ilikaa miaka sita mu depo si mupya. Na usinunue ile wanatundika inje ku jua na vumbi toka asubuhi mpaka jioni, jua inakula mupira, zikunje na mikono uangalie kama kuna mistari mistari kama ngozi ya mugongo ya mamba. Zangu ziko ndani, jirani wananicheka ati naficha mali 😅

Kitu kingine, na hii inaniuma. Muache kupaka pine mafuta ya moteri yenye imetoka mu vidanje (kubadilisha mafuta) ili ingae nyeusi siku ya ndoa. Mafuta inakula mupira. Maji na sabuni inatosha.

mwana_panzi

Mimi niko Bukavu, niseme tofauti kidogo. Hapa kwetu si mawe, ni udongo na milima, na mvua ikinyesha kule juu Panzi ama ukienda upande wa Kalehe hewa ikiwa mingi hautoki. Sisi tunapunguza na tunaweka krampo na zinatusaidia sana, kwa hiyo usimuambie mutu krampo ni mbaya. Na mimi pine yangu ya nyuma ilifika myezi saba.

kwado_wa_birere

@mwana_panzi Sikatai, udongo ni mambo ingine. Krampo inauma udongo ju meno iko mbali mbali, udongo unaingia na unatoka. Lakini hapa mu mji kwenye lami na lava, kila jino linasimama peke yake, jiwe linalishika linaling'oa, na ku lami inalika kama sabuni na freni haishiki muzuri kwenye kona. Huyu kijana 9 kwa 10 yuko mu mji. Achukue yenye meno ya kati, iliyojaa katikati na mifereji pembeni. Kama anapiga Masisi kila siku nitabadilisha maneno.

Na kupunguza, sawa, ukifika mu udongo punguza, lakini uko na pompi ya kurudisha ukitoka? Wengi hawana. Wanapunguza asubuhi Sake na wanatembea nayo hivyo juma nzima.

motari_wa_ndosho

Aksanti sana baba, na mama piesi. Sasa hewa ya kadiri ni ngapi? Kwado yangu anafinya na kidole, ama anapiga teke, ikilia ti! anasema imekamata.

kwado_wa_birere

Teke haina kipimo mwanangu 😂 ata mimi na miaka yangu yote nikifinya na kidole nakosea. Nunua manometri (kipimo ya hewa) kadogo, ile ya kalamu, weka mu kifuko. Moto kama yako: mbele 25 psi, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba, lakini angalia kitabu ama kibandiko ya moto yako kwanza. Kwa wale wanahesabia na kilo ku kompresa, 25 ni kama kilo moja na robo tatu, 28 karibu mbili, 32 ni mbili na robo kasoro kidogo. Pima asubuhi pine ikiwa baridi, juu ukitembea hewa inapata moto na inapanda, utapima saa sita utaona 36 utaanza kutoa, jioni iko chini.

Na siku ya kufungisha pine mupya simama hapo. Mwambie anunue shambre mupya pamoja, si baadaye. Janti isafishwe kutu na karatasi ya msasa, spoku yenye inatokeza ndani ikatwe na tupa, halafu ule mukanda wa mupira wa kufunika spoku uwekwe. Kama hauna, mu kipande cha shambre nzee unakata mukanda, ni bure. Halafu shambre igonfliwe kidogo, kadogo tu, ipate umbo, ipakwe poda ya mutoto, ndiyo iingie. Mushale ku ubavu uangalie wapi gurudumu inaenda mbele, nimeona nyingi zimefungwa kinyume. Pine ipakwe maji ya sabuni, si mafuta, na iingizwe kuanzia upande mwengine wa valvu ili imalizike ku valvu, na ule upande wa kwanza uukanyage na goti ushuke mu shimo la katikati ya janti, hapo utaona inaingia ata na mikono. Mwenye anapigana nayo na bisibisi kubwa mpaka jasho hakushusha upande wa kwanza, na ile bisibisi ndiyo inatoboa shambre yako mupya mbele haujalipa. Kabla ya kugonfle sukuma valvu juu kidogo kisha ivute, ili shambre isibanwe. Ukimaliza zungusha gurudumu uangalie kale kamustari karibu na janti, kakae sawa pande zote. Kakizama pahali, toa hewa, paka sabuni, gonfle tena.

Siku za kwanza uende pole, kilometa mia hivi, pine mupya inateleza kama samaki.

mwenye_moto_mbili

Naingilia juu niko na moto mbili nimewapa vijana, naishi Himbi. Huyu mukubwa wako si sawa. Kwetu tulikubaliana mbele ya mashahidi: kreva na rustini ni ya motari, pine na sheni na vidanje ni ya mwenye moto. Pine inalika ju moto inafanya kazi, na vesema nani anakula? Lakini pia nami niko na haki ya kuangalia. Kijana wangu moja alikuwa anamaliza pine upande moja tu, kushoto, nikamushutumu mwezi nzima, kumbe fundi alipokaza sheni alivuta upande moja zaidi, gurudumu ikakaa kombo. Kuna alama mistari pande zote mbili penye ekseli ya nyuma inaingia, zihesabu, ziwe sawa kushoto na kuume. Nikamuomba musamaha na fanta.

Na kingine, ninyi muko munaogopa freni ya mbele kama simba. Kila kitu freni ya miguu, gurudumu ya nyuma inafunga, inaburuta ku mawe, kila mara unaacha mupira chini. Njo maana ya mbele inakaa miaka.

mama_piesi_virunga

Hiyo ya freni ni kweli kabisa, nauza pine tatu za nyuma kwa moja ya mbele.

motari_wa_ndosho

Narudi nyuma ya wiki mbili kuwapa habari.

Ikakreva ya tano, juu ya mulima wa Goma pale. Nilikaa hapo kama baba alisema, nikatia alama. Tobo lilikuwa upande wa ndani! Tukaangalia janti, hakuna mukanda hata kidogo, na spoku mbili zinatokeza kama miiba, na rustini zote ine za zamani ziko mu mustari na zile spoku mbili. Yaani wiki tano nililipa kreva ya kitu moja. Kwado akacheka akasema «mi nilizani unajua». Tumekata tupa, tumeweka mukanda wa shambre nzee, poda, shambre mupya. Mushale ulikuwa kinyume pia, tumeugeuza.

Manometri nilinunua. Asubuhi ya kwanza nyuma ilisoma 19 psi na nilikuwa nasema imekamata. Sasa niko 32 na tangu siku ile hakuna kreva. Sheni nayo ilikuwa kombo alama moja na nusu. Mukubwa nimemuonesha maneno ya @mwenye_moto_mbili, alinyamaza muda murefu, akasema pine ijayo tutagawana nusu nusu. Nimekubali kwa sasa.

Ile pine ya pili yenye ilipasuka ubavu, kuna mutengenezaji wa chukudu, ile kipikipiki ya mbao ya kusukuma mizigo, kule Kibumba aliniomba juu ya kuvalisha magurudumu, akanipa ndoo ya viazi, kwa hiyo sikupoteza yote 😄

Swali moja ya mwisho baba kwado. Nimetafuta ile namba ine ku pine ya mbele, ile yenye meno mirefu nilisema haina shida. Imeandikwa 3616. Na nikiikunja naona mistari mistari.

kwado_wa_birere

Kesho Sake usiende. Pita kwa mama piesi kwanza, 2.75-17, umwambie mimi nimekutuma, halafu ulete moto hapa kabla ya saa nne, nyuma ya hapo najaaka watu.